Mgeni Kapewa Jembe, Mwenyeji Kafungiwa Nje

Eti "sera za usalama za shirika lako." Ndivyo kompyuta yangu ya nyumbani ilivyoniambia. Shirika lipi? Humu ndani mkurugenzi ni mimi, karani ni mimi, mlinzi wa zamu ya usiku ni mimi, na sikumbuki kuitisha kikao kilichopitisha sera ya kunizuia nisione picha zangu mwenyewe.

Nianze mwanzo. Kompyuta ilikuwa ikiniomba wiki tatu mfululizo niiruhusu isasishe mfumo endeshi. Ijumaa usiku nikachoka kubofya "baadaye", nikaikubalia, nikaenda kulala. Asubuhi nikakuta mambo yanang'aa: aikoni mpya, rangi mpya, na ujumbe wa kunipongeza kwamba kila kitu kiko tayari. Kila kitu isipokuwa diski ya mtandao, yaani kile kisanduku cha diski kilichounganishwa na ruta, ninamohifadhi picha zangu, ambacho kompyuta inakiita Z. Herufi Z ilikuwa palepale, ila imepigwa alama nyekundu kama nyumba iliyowekewa X ya kubomolewa. Nikabofya. Ikawaza, ikawaza, mwisho ikaniambia njia ya mtandao haikupatikana, kosa namba 0x80070035.

Nikainuka kwenda kukiangalia kisanduku chenyewe. Taa zote kijani, diski zinanguruma taratibu kama paka aliyeshiba. Simu inakiona. Televisheni ya sebuleni inacheza katuni kutoka humohumo. Nikarudi kwenye kompyuta ileile iliyodai njia haipo, nikaandika anwani ya IP ya kisanduku, yaani namba yake mtandaoni, kwenye kivinjari, na ukurasa wake wa usimamizi ukafunguka bila kusita. Njia haikupatikana? Njia yenyewe ni waya mmoja na ruta moja!

Nikampigia mpwa wangu, ambaye ukoo mzima tumemfanya fundi asiye na mshahara.

"Mjomba, umezima ukawasha?"

"Nimezima kila chenye swichi."

"Basi usiingie kwa jina. Ingia kwa IP."

Kijana ana akili. Jina na anwani ni vitu viwili, na watu wengi tunavichanganya. Zamani kompyuta zilikuwa zikitafutana kwa kupiga kelele mtandaoni, nani yupo, nani yupo, na orodha ya majirani ikatokana na kelele hizo. Utaratibu huo uliegemea SMB1, itifaki ya miaka ya 1980 ya kompyuta kufunguliana mafaili kwenye mtandao, na SMB1 ilipozimwa orodha nayo ikafa. Kwa hiyo kisanduku kutoonekana kwenye orodha si ushahidi kwamba hakifikiki. Nikaandika mikwaju miwili ya kinyumenyume, anwani, jina la folda, nikabonyeza Enter. Ndipo nikapewa hizo habari za shirika langu: sera zake za usalama haziruhusu kuingia kama mgeni asiyethibitishwa.

Mgeni! Miaka minane nimekuwa mgeni kwenye diski niliyoinunua mwenyewe, na sikujua. Kisanduku kilitoka kiwandani mlango ukiwa wazi, hakiulizi jina wala nenosiri, nami nikauacha hivyo kwa sababu ulikuwa unafunguka. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huyu wangu alikaa miaka minane bila kushika hata mpini.

Sasa nikubali jambo, shingo upande. Waliofunga mlango huo hawakukosea. Kompyuta zinapotia sahihi mazungumzo yao, ufunguo wa sahihi unatokana na nenosiri. Mgeni hana nenosiri, kwa hiyo hana ufunguo, kwa hiyo hakuna sahihi, na kompyuta yako haina namna ya kujua kama inayoijibu ni diski yako au ni mdanganyifu aliyejipenyeza kwenye mtandao akavaa jina lake. Na kuhusu SMB1 sina utetezi kabisa. Mei 2017 WannaCry, programu hasidi iliyofunga mafaili ya watu na kudai fidia, ilipita kwenye tundu la itifaki hiyohiyo, ikaingia nchi zaidi ya 150, ikafika mpaka kwenye hospitali za Uingereza, na kiraka cha kuziba tundu hilo kilikuwa kimetolewa tangu Machi. Samba, programu inayofanya kazi ndani ya visanduku vingi vya aina hii, nayo iliizima SMB1 kwenye toleo la 4.11 mwaka 2019. Haya, yamekwisha, sitaki kuyarudia.

Ninachogomba ni huu ububu. Kuna tofauti kubwa kati ya "haipo" na "nimekataa", na kompyuta inaijua tofauti hiyo vizuri kuliko mimi. Ukipiga hodi, mtu akajibu kutoka ndani "hakuna mtu", utamwitaje? Kabla ya kujisasisha ilinikagua kama afisa wa mpakani: nafasi kwenye diski, kumbukumbu, prosesa, chaji ya betri. Ilikuwa inajua kwamba kila asubuhi inafungua Z bila nenosiri, maana aliyekuwa akiifungua ni yeye! Na ilikuwa inajua kwamba toleo jipya halitakubali hilo. Ilishindwa nini kuniandikia sentensi moja Ijumaa usiku: diski hii unaingia kama mgeni, kuanzia kesho haitawezekana, nenda katengeneze akaunti? Ilipata nafasi ya kunionyesha picha nne za mandhari mpya. Nafasi ya sentensi hiyo ikakosekana.

Halafu matokeo yake ndiyo yanayonikera zaidi. Mtu asiyeambiwa ukweli anakwenda kuutafuta, na ukiandika kosa hilo mtandaoni, jibu utakalokutana nalo haraka ni la kukuambia ubandike amri hii, uruhusu wageni tena, na ukiwa bado umekwama uirudishe SMB1. Linafanya kazi, tena kwa dakika mbili. Hapo ndipo shida. Mimi mwenyewe nilishabandika ile amri, kishale kinapepesa, kidole kiko juu ya Enter, na nilikuwa na hasira kiasi cha kuwasha hata itifaki ya enzi za babu ili mradi Z irudi. Kilichoniokoa ni njaa. Nilikwenda kula, nikarudi na akili. Ni wangapi hawakwenda kula? Mlango uliofungwa kwa ajili ya usalama unaishia kuvunjwa na mwenye nyumba mwenyewe, na akishauvunja hataukumbuka tena mpaka siku ya maafa.

Watengenezaji wa visanduku nao wasijifiche nyuma yangu. Kuuza kifaa cha kuhifadhia maisha ya watu kikiwa kimeachwa wazi ni uvivu, na kuacha kukitolea masasisho ni uvivu wa pili.

Nilichofanya mwishoni ni kazi ya nusu saa, kama ningeambiwa. Nikaingia kwenye ukurasa wa usimamizi wa kisanduku, nikatengeneza mtumiaji mwenye nenosiri la maana, nikampa ruhusa kwenye folda, nikaweka SMB2, toleo lililoifuata SMB1, kuwa kiwango cha chini kabisa, nikamfungia mgeni. Kwenye kompyuta nikafuta taarifa za kuingilia zilizohifadhiwa zamani. Hapa wengi wanakwama: ile Z ya zamani ikiwa bado imening'inia, mfumo unakataa kuingia kwenye seva moja kwa majina mawili kwa wakati mmoja, na wewe utadhani nenosiri ndilo bovu. Ikate kwanza.

Nami nikakwama kwingine. Jina sahihi, nenosiri linakataliwa, mara tatu. Nikaanza kuwatukana watu nisiowajua. Kumbe vidole vilikuwa vinaandika PIN ninayofungulia kompyuta, kwa mazoea, na kisanduku hakijawahi kuisikia PIN yangu wala hakina haja nayo. Hili nilikuwa sitaki kuliandika.

Angalia pia kama baada ya kusasisha mtandao wa nyumbani haukugeuzwa kuwa "wa umma". Na kama unatumia VPN, ile programu inayopitisha mawasiliano yako kwenye seva ya mbali, izime kwanza ndipo ulaumu.

Saa saba na robo mchana ile alama nyekundu ikaondoka. Nikafungua folda ya mwaka wa kwanza, picha zikaanza kujitokeza moja moja, nikaegemea kiti. Nikamwandikia mpwa wangu kwamba Z imerudi. Akajibu kwa dole gumba na swali: "Mjomba, yule mgeni umemfunga kwenye kompyuta tu, au kwenye kisanduku chenyewe?"

Nilikuwa bado namwandikia jibu nikasikia sauti kutoka sebuleni.

"Baba! Televisheni inasema haina ruhusa!"