Sikonge igawanywe, lakini kalamu ashike nani?

Mei 2025 Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi ilitangaza majimbo mapya manane, jumla yakafika 272. Kigoma na Tabora hazikupata hata moja; Kakonko waliambulia jina tu, Buyungu ikawa Jimbo la Kakonko. Kigezo kilikuwa watu 600,000 mjini na 400,000 vijijini. Kwa sensa ya 2022, majimbo manane ya Kigoma yana wastani wa watu kama 309,000 kila moja, na kumi na mawili ya Tabora kama 283,000. Kwa hesabu hiyo tu, hatukustahili.

Ila ibara ya 75 ya Katiba haiangalii vichwa peke yake. Inataja pia mawasiliano na jiografia. Wilaya ya Sikonge, mkoani Tabora, ina zaidi ya kilomita za mraba 20,000, nyingi zikiwa misitu, na mbunge mmoja. Jimbo la Kigoma Kusini linashuka na Ziwa Tanganyika hadi kata ya Kalya. Zanzibar nayo ina majimbo 50 kwa watu wasiofika milioni mbili, na Muungano unaendelea. Kwa hiyo anayedai mgawanyo huku magharibi habwabwaji.

Tatizo ni kwamba jimbo jipya ni mshahara, posho na kiinua mgongo, na pia ni kiti cha kugombewa. Tazama Nzega. Hamisi Kigwangalla alikuwa mbunge wake tangu 2010; 2015 ikagawanywa, yeye akaenda Nzega Vijijini na Hussein Bashe akachukua Nzega Mjini. Wananchi waliongezewa mwakilishi, na chama chao, CCM, kikapata nafasi ya vigogo wawili. Yote mawili ni kweli.

Wapo wanaoamini kuutenga mji na vijiji ndiko kunakoupa upinzani pumzi. Sikubaliani sana: kabla Zitto Kabwe wa upinzani hajachukua Kigoma Mjini 2015, alishinda Kigoma Kaskazini mara mbili, kwa kura za vijijini.

Kinachonikera ni njia yenyewe. Maombi yanatoka halmashauri, yanapita wilayani, yanafika RCC, yaani kamati ya ushauri ya mkoa, ambako mwenyekiti ni mkuu wa mkoa, mteule wa Rais. Tume nayo hugawa kwa kibali cha Rais. Halafu ibara ya 74(12) inazizuia mahakama kuchunguza ilichofanya Tume. Mkazi wa Kalya asiporidhika, aende wapi?

Sikonge ningeigawa hata kesho, mradi ramani inayopendekezwa ibandikwe kwenye ofisi za vijiji kabla RCC haijakaa, na ibara hiyo ya 74(12) iondolewe.