Nyekundu au Kijani?

Mimi mtu wa Tanga, Ngamiani hasa. Pilipili nimeijua kabla sijajua kuhesabu mpaka kumi. Marehemu bibi alikuwa na pilipili mbuzi moja kwenye kisahani. Anaigusisha kwenye mchuzi, anaitoa, anairudisha kisahanini kwa heshima zote, kesho nayo ina zamu. Pilipili moja inakula wiki. Sasa wewe niambie: mtu aliyelelewa na bibi wa namna hiyo anaingiaje kwenye gari na pilipili kilo 16, kwa hiari yake, akili timamu, risiti mkononi?

Anahamia Albuquerque, Marekani, ndivyo anavyoingia.

Huku New Mexico, mwezi wa nane ukishafika katikati, usitegemee kununua mkate kwa amani. Nje ya maduka ya vyakula wanaweka tenga la waya, duara kama pipa, linazungushwa mbele ya moto wa gesi unaonguruma utadhani kuna kitu kinataka kuruka. Ndani yake pilipili za kijani, ndefu kama bamia zilizopandishwa cheo, zinapinduka, zinatutumka, ngozi inaungua na kubanduka, vipande vyeusi vinapeperuka mpaka kwenye kofia za watu. Harufu inakufuata garini, inakufuata kazini, unalala nayo. Na usithubutu kulalamika, maana mwaka 2023 waliitungia sheria: harufu ya pilipili za kijani zinazochomwa ndiyo harufu rasmi ya jimbo. Jimbo la kwanza Marekani kuwa na harufu yake. Wazo lilitoka kwa watoto wa darasa la tano kule Las Cruces. Sisi darasa la tano tulikuwa tunamwagilia mchicha wa mwalimu mkuu, wenzetu wanatunga sheria za pua.

Wenyewe wanaiita chile. Iandike hivyohivyo, na e mwishoni. Ukiweka i wanakutazama kama umewatukania mzazi. Wiki yangu ya kwanza, jamaa mmoja kazini aliniuliza kama nimeshajaribu chile. Nilijua anasema nchi. Nikamjibu bado, nauli imenishinda.

Halafu kuna swali. Hujakaa vizuri mgahawani, dada anakuja na kalamu: "Nyekundu au kijani?" Jamani, Mtanzania ukimuuliza nyekundu au kijani anajua unamuuliza jambo moja tu hapa duniani. Nikapiga kifua, nikamwambia kijani, damu yangu Yanga, hata mvua inyeshe. Yule dada akatabasamu, akaandika. Ikaja sahani ya mikate ya mahindi imepangwa kama chapati, jibini katikati, yai juu, na yote imezamishwa kwenye mchuzi wa pilipili. Siyo mchuzi wenye pilipili. Mchuzi ambao wenyewe ni pilipili. Kumbe aliniuliza mchuzi, na swali hilo bunge lao liliketi miaka ya 1990 likalipitisha kuwa swali rasmi la jimbo. Kwetu swali rasmi ni "umeme umerudi?" na hakuna aliyelipitisha.

Ukitaka rangi zote mbili unajibu "Krismasi". Fikiria. Mimi nimesoma chuo cha Kurani, nimehitimu, nimevalishwa kilemba, leo niseme Krismasi mbele za watu kwa ajili ya mchuzi. Na huko kuchanganya nyekundu na kijani kwenye sahani moja, kwa mwana-Yanga, ni kosa la pili juu ya la kwanza.

Lakini kilichonivunja moyo zaidi ni pale nilipoambiwa kwamba nyekundu na kijani ni pilipili ileile. Ya kijani wakiiacha shambani inaiva, inakuwa nyekundu, wanaianika, basi. Yaani Simba ni Yanga iliyosahaulika shambani. Nilikosa usingizi.

Tuje kwenye gunia.

Mke wangu alizoea nchi hii haraka kuliko mimi, na mtu akizoea haraka anakuwa mkali kuliko wenyeji. Mwaka jana Agosti akaniuliza, "Baba watoto, tuchukue gunia moja au mawili?" Angalia ujanja wa swali hilo. Sifuri haikuwepo. Nusu haikuwepo.

Dukani kuna mtihani mwingine: unataka poa, wastani, kali, au kali sana? Kila moja ina jina na ukoo wake. Kuna Big Jim, aliyeitoa Roy Nakayama wa chuo kikuu cha jimbo mwaka 1975, inaweza kufika urefu wa sentimita 30, pilipili ya kupimia kitambaa. Kuna Sandia. Kuna Barker, hiyo hata wenyeji wanaitaja kwa sauti ya chini. Zote zimeandikwa Hatch, kijiji kilichopo kando ya mto Rio Grande ambacho umaarufu wake wote ni huohuo. Na hawataki mzaha: sheria ya 2011 inakataza kuuza pilipili kwa jina la New Mexico kama haikulimwa New Mexico. Kwetu muuza machungwa anakuapia ni ya Muheza, na wewe unaona kabisa lori limetokea upande mwingine, unanunua, mnaagana vizuri.

Mimi nikasema nipe kali, mimi mtu wa pwani. Mke wangu akanyamaza. Ile namna yake ya kunyamaza.

Kuchomewa kuna malipo yake. Siyo pesa nyingi, lakini ni pesa. Nikawaza: mimi nimekulia kwenye jiko la mkaa, nimechoma mahindi, nimechoma mihogo, nimechoma pweza, leo nilipe kijana wa miaka kumi na tisa anichomee pilipili? Nikapakia gunia bichi, nikarudi nyumbani.

Trei ya oveni ilibeba pilipili ishirini. Nikawasha moto wa juu, nikasimama mbele na koleo kama fundi. Dakika tano za kwanza mambo mazuri. Dakika ya saba nikakohoa kidogo. Dakika ya kumi mtoto mkubwa akakohoa chumbani na mlango umefungwa. Ule moshi siyo wa mahindi, ndugu zangu. Ule moshi umebeba ukali wenyewe, unaingia kooni unakaa kama mgeni aliyeleta godoro. King'ora cha moshi kikalia. Nikapanda kiti nikipunge taulo, king'ora kikanielewa vibaya, kikaongeza. Watoto wakatoka nje na mablanketi. Jirani yetu, Mkongo wa Bukavu, akaja mbio na ndoo: "Ndugu, nyumba inaungua?" Nikamwambia napika. Akachungulia, akaona gunia, akaniangalia tena kwa huruma. "Kwetu pilipili tunasaga kidogo, tunaweka pembeni ya sahani. Hii yote, nani alikukosea?"

Nilifika trei ya tatu. Nilishapiga hesabu kwamba zimebaki trei kumi. Nikafunga gunia, nikarudi dukani macho mekundu, kamasi zinanitoka, nikajiunga kwenye foleni. Yule kijana hakuniuliza lolote. Alimimina tengani, akazungusha dakika chache, akanirudishia zimeiva, zinanukia harufu rasmi ya jimbo. Nadhani kila mwaka anaona mmoja wa aina yangu.

Zikishachomwa unazifunika ndani ya mfuko zijitokee jasho, ngozi iachie. Hapo ndipo kumenya kunapoanza, na hapo ndipo mke wangu aliponiwekea glavu mezani. Nikazisogeza. Bibi hakuwahi kuvaa glavu. (Bibi alikuwa na pilipili moja. Hesabu hiyo ilinijia baadaye.)

Watu wengi wanalaumu mbegu. Mbegu imesingiziwa. Ukali umejazana kwenye ule utando mweupe unaoshikilia mbegu, na mimi nilikuwa nautoa kwa kucha, moja baada ya nyingine, saa moja na nusu, huku napiga mluzi. Mikono haikuwasha mara moja. Ilisubiri. Nilipomaliza nikajikuna kope. Kidogo tu, kwa kidole kimoja.

Nikakimbilia bombani. Maji hayasaidii, kwa sababu ule ukali hauyeyuki kwenye maji. Unayeyuka kwenye mafuta. Ukinawa tu unausambaza, ulipokuwa kwenye jicho moja sasa yako mawili, na shavu. Nimelia pale kuliko nilivyolia msibani. Na katika hali hiyo haja ndogo ikanibana, nikaenda. Sitaki kueleza. Wanaume mmeelewa, wanawake waulizeni waume zenu. Jioni nilikuwa nimekaa sebuleni, mikono imezama kwenye bakuli la mtindi, kitambaa cha maziwa usoni, natazama mpira kwa masikio. Mke wangu akapita na chai yake. "Mtu wa pwani," akasema, akaendelea na safari.

Friza sasa. Nilikuwa na paja la mbuzi, nimelifuata kwa mfugaji mbali, nimechinja mwenyewe kwa bismillahi. Usiku huo nikalikuta juu ya meza ya jikoni. Mahali pake pamekaa mifuko thelathini na mbili ya pilipili, imebapazwa na kupangwa kama madaftari ya shule, kila mmoja na karatasi: "kali", "kali", "kali", "ya baba watoto". Nikamuuliza mbuzi aende wapi. Akanijibu, "Tumboni."

Basi ikabidi apikwe. Kuna mzee jirani, mwenyeji wa hapa, ukoo wao uko hapa kabla hata hapajaitwa Marekani, akanifundisha mchuzi wao: nyama ya nguruwe vipande, viazi, kitunguu, kitunguu thomu, pilipili za kuchoma zilizokatwakatwa, maji, subira. Nguruwe nikamruka, nikaweka mbuzi. Mpaka hapo mzee alivumilia. Ila mchuzi ulipokuwa unachemka mimi nikauonja, nikauona mkavu wa roho, mkono wenyewe ukaenda kabatini ukarudi na kopo la tui la nazi. Nikapunguza moto, nikamimina, nikakamua ndimu. Wallahi ule moshi wa pilipili ukikutana na nazi, kuna kitu kinafanyika ambacho sina jina lake.

Mzee akaonja. Akanyamaza muda mrefu. "Hii siyo," akasema. Akaomba bakuli la pili. "Hapana, hii siyo kabisa," akasema, akifuta bakuli kwa chapati. La tatu akaondoka nalo kwao, ili akahakikishe.

Maharage ndiyo sitayazungumzia sana. Mji huu uko juu, kama mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, maji yanachemka kabla hayajapata moto wa kutosha, karibu nyuzi 95. Mtu wa Tanga unabandika maharage asubuhi, magharibi bado yanagonga sufuria kama kokoto. Tulinunua sufuria ya presha. Tukaweka na pilipili. Kila kitu tuliweka na pilipili. Mayai na pilipili. Wali na pilipili. Novemba mtoto mdogo aliomba uji usio na kitu, akasisitiza: "Usio na kitu, mama."

Mama akapiga simu. Shikamoo, marahaba, mnakula nini huko? Nikamwambia pilipili. Kiasi gani? Nikasema gunia. Laini ikawa kimya mpaka nikadhani salio limekwisha. "Mwanangu, umefungua hoteli?" Hapana, mama. "Kuna mtu anaumwa?" Hapana, mama. Akavuta pumzi. "Nimwambie shekhe akusomee?"

Machi nikafungua friza usiku, nina njaa, natafuta mfuko. Hakuna. Nikatoa samaki, nikatoa barafu, nikatoa njegere za tangu mwaka juzi. Hakuna. Nikamwamsha mke wangu, nikamuuliza nani kamaliza pilipili. Akafungua jicho moja: "Si ulisema mwaka huu hutaki hata kuziona?" Nilisema, ndiyo. Mtu akisema kitu na macho yanawaka achukuliwe maneno yake yote?

Mwaka huu nikaapa kuwa mjanja. Agosti nikapita nikiwa nimeziba pua. Septemba nikapita. Nikasubiri msimu uishe, bei ishuke, nikaenda Oktoba, wiki ile ya tamasha la maputo makubwa yanayobeba watu, mji mzima umetazama juu. Nikapata gunia kwa bei ya chini, nikafurahi, sikulifungua mpaka nyumbani.

Nusu nzima nyekundu. Zilishaiva.

Mke wangu hakukasirika, na hilo ndilo lililoniudhi. Alichukua uzi, akazitunga moja moja kama wanavyofanya wenyeji, ukatoka mkufu mrefu kama mtoto wa darasa la kwanza, akautundika mlangoni. Anasema ni urembo. Kila alfajiri nikitoka kwenda kazini, mimi na koti langu la kijani, nasindikizwa na Simba mlangoni kwangu mwenyewe.

Jana usiku binti yangu alisimama jikoni na mwiko, amefunga kanga ya mama yake kiunoni, sufuria mbili motoni. "Baba," akaniuliza, "nyekundu au kijani?"

Nikatazama dirishani. Nikahakikisha jirani Mkongo hayupo. Nikamwambia Krismasi, kwa sauti ya chini.