Mtoto mkimya si kilaza, walimu naomba mnisikie

Nimetoka kwenye kikao cha wazazi na hasira ambazo mpaka sasa hazijaisha. Mtoto wa dada yangu namlea mimi, yuko kidato cha pili, na mwalimu wake wa hesabu kasema mbele ya wazazi wote kwamba huyu binti yenu mzito, ukimuuliza anakuangalia tu. Mzito? Huyu huyu anayenipigia hesabu za duka kila jioni na akikuta nimekosea ananionyesha mstari gani?

Nilivyorudi nikamuuliza binti, taratibu, kunaendaje huko darasani. Kumbe mwalimu anauliza, mtoto bado anapanga kiingereza kichwani, keshaambiwa "kaa chini kilaza, nani anajua?" na darasa zima kicheko. Rafiki yake wanayekaa dawati moja naye anaitwa hivyo hivyo, ila yule mchangamfu, anacheka nao, dakika mbili baadaye kanyoosha mkono tena hata kama jibu la kubahatisha. Wa kwangu tangu siku hiyo mkono hajanyoosha. Neno lile lile, mmoja limempita, mwenzake limemkaa moyoni, sasa mwalimu anamuona mmoja ana akili na mwingine hana, wakati alichokipima pale ni nani ana ngozi ngumu!

Na hili la kumsubiri mtoto apange jibu si deko la wazazi. Mtafiti wa Marekani, Mary Budd Rowe, alilichunguza miaka ya 1970, akakuta walimu wengi wakishauliza wanasubiri kama sekunde 1 tu. Wakifikisha 3 majibu yanakuwa marefu zaidi na hata wale waliokuwa hawajibu wanaanza kujibu. Sekunde 3 jamani! Na kwetu Tanzania mtoto kasoma miaka saba kwa Kiswahili, sekondari anakuta kila kitu kiingereza, kwa hiyo yule mkimya ana kazi mbili, kutafuta jibu na kutafuta maneno ya kulisemea.

Najua madarasa yamefurika, tangu ada ifutwe 2016 mwalimu anabanwa na silabasi na msululu wa madaftari, hilo siwezi kubisha. Na wapo watoto ambao ukiongea nao kwa upole wanakupanda kichwani, hao wanahitaji mwalimu mkali, sawa. Lakini ukali ni kitu kimoja na kumdhalilisha mtoto ni kingine kabisa. Viboko angalau vina kanuni ya 2002, visizidi vinne tena kwa ruhusa ya mkuu wa shule. Maneno je, nani anayahesabu?

Mwalimu wao wa baiolojia ana darasa lile lile, watoto wale wale. Anatoa swali, anasema kila mtu aandike kwanza, anapita katikati ya madawati anachungulia madaftari, akiona mkimya kapata anamwambia kwa sauti ya chini "hapo sawa, nitakuita usome". Binti yangu kwa huyo anasimama anasoma, na siku ya kipindi chake anawahi kuamka mwenyewe.

Wiki ijayo narudi shuleni kumuona yule wa hesabu, siendi kugombana, nataka tukae wawili nimwombe ajaribu hiyo ya kuandika kwanza, na hilo neno kilaza aliache.