API za AS/400 zitanizeesha kabla ya siku zangu

Jamani mnaoandika programu za simu mnakaa mnalalamika eti kazi ngumu, nyie njooni mkae kiti changu wiki moja tu. Mimi nimewekwa kwenye mashine ya benki, AS/400, ile ya skrini nyeusi na maandishi ya kijani, imetoka 1988 na lugha yake RPG ni ya 1959, yaani lugha imemzidi umri baba yangu mdogo na bado ndo inahesabu hela za watu. Na hilo sina neno, maana lugha yenyewe siku hizi imetulia, unaweka **FREE juu kabisa unaandika kama binadamu wengine, hakuna cha kuhesabu kolamu kama zamani, kila neno na safu yake.

Balaa lilianza bosi alipopita mezani kwangu na kikombe chake. "Dogo, nataka programu inipe orodha ya mafaili yote ya laibrari ya mikopo, kazi ndogo tu, jioni niione." Laibrari kwenye hii mashine ni kama folda. Hawa wakubwa nimewasoma, kazi yoyote wasiyoifanya wao ni ndogo.

Nikamfuata mzee wetu wa mashine. Shikamoo mzee, marahaba, macho hata hajanyanyua, akasema "tumia API, QUSLOBJ", yaani programu iliyokuja na mashine, hii ya kuorodhesha vitu, akarudi kwenye magazeti yake. QUSLOBJ! Majina kwenye hii mashine mwisho herufi kumi, sasa waliotunga wakaona pa kubania matumizi ni kwenye irabu, ukilisoma kwa sauti wenzako wanakuletea maji wakidhani umepaliwa.

Nyumbani nina mpwa yuko chuo anasomea haya haya mambo, nikasema ngoja anisaidie. "Mjomba nipe link ya hiyo API." Link ya nini mwanangu, hii ni programu imekaa humo humo ndani ya mashine, unaiita kwa jina unaipa parameta zake, yaani vitu inavyotaka, kwa mpangilio wake. "Kwa hiyo inarudisha JSON, data ile iliyopangwa ya mtandaoni?" Inarudisha presha.

Maana kwanza QUSLOBJ haikupi orodha mkononi. Ni kama kwa muuza mafuta ya taa, huna chupa huna mafuta. Lazima uende na chombo chako, kinaitwa yuza spesi, eneo la kumwagia data, na chombo nacho kinatengenezwa na API nyingine, QUSCRTUS, ambayo inataka jina la herufi 20, kumi za chombo na kumi za laibrari kilipo. Sasa changu nimekiita ORODHA, hizo ni sita, kwa hiyo unaacha nafasi nne tupu, unaandika QTEMP, laibrari ya muda, unaacha nafasi tano tena. Ikipungua nafasi moja tu hapo katikati ile Q inahamia upande wa jina na mashine inaanza kutafuta laibrari inaitwa TEMP, ambayo haijawahi hata kuzaliwa. Mtu mzima na ndevu zangu nahesabu nafasi tupu kwa kidole kwenye skrini, dada wa usafi ananiangalia kwa huruma.

Haya, chombo kimejaa, unadhani unachota? Thubutu. Kina kichwa chake kwanza, na humo kwenye kichwa, ofseti 124, yaani umbali wa baiti toka mwanzo, kuna namba ya kukuambia orodha inaanzia wapi, 132 ziko ngapi, 136 kila moja ina ukubwa gani. Ila ofseti zinahesabiwa kuanzia sifuri na ile API ya kuchotea, QUSRTVUS, inahesabu kuanzia moja, kwa hiyo 124 inakuwa 125, na namba utakayoikuta humo nayo uiongezee moja. Mashine hiyo hiyo moja, hawakukaa kikao? Usipoongeza hiyo moja majina yote yanasogea, lile la herufi kumi linakatwa mkia, na bosi anakuuliza hili faili gani mbona silijui.

Kwenye eraa ndo kuna visa. Unapeleka erakodi, kisehemu cha kupokelea kosa, baiti nne za kwanza ukiweka sifuri basi likitokea la kutokea programu inaangukia mbele ya watu na meseji juu. Ukiweka 16 inanyamaza kimyaa, inakuandikia CPF9801, yaani kitu hakikuonekana, pembeni huko na maisha yanaendelea, usipoenda kuangalia mwenyewe shauri yako. Hakuna katikati, ama kelele ama kununa.

Ila iliyonimaliza ni QCMDEXC. Hii inakuendeshea komandi yoyote, unaipa komandi na urefu wake, safi kabisa, halafu urefu wenyewe inautaka kwa tarakimu 15, tano zikiwa baada ya nukta. Desimali! Komandi ina herufi 17.00000. Nani duniani kashawahi kuandika komandi ya herufi kumi na saba na robo? Mzee akanieleza eti CL, lugha ya komandi ya hapo hapo, namba ukiiandika kavu kavu inaipeleka kwa umbo hilo la 15 na 5, ndo chanzo. Sawa mzee, sababu nimeisikia, na moyo bado unaniuma.

Sasa programu imekubali, najipongeza, anakuja kijana wa field, hata kitambulisho hajapewa. "Kaka, si uandike SQL tu, kuna OBJECT_STATISTICS pale QSYS2, mstari mmoja." SQL ni ile lugha ya kuulizia data. Akaandika. Orodha ikamwagika yote, na tarehe juu. Nikamwambia asante mdogo wangu, hebu kaangalie kama printa ina karatasi.

Leo bosi kapita tena na kikombe, anataka kujua usiku nani anang'ang'ania faili la riba mpaka kazi za usiku zinakwama, kazi ndogo tu. Nikafungua manyuali, QWCLOBJL, API ya kuorodhesha nani kashikilia kitu, parameta ya kwanza: jina la yuza spesi, herufi 20. Nikauliza yule kijana wa SQL yuko wapi, nikaambiwa bado anatafuta karatasi.