Baiskeli Iandike Kivyake, Usiigeuze Kilomita za Mbio

Sisi watu wa mbio hapa Nairobi tunapenda namba kuliko chakula. Jumapili jioni grupu ya WhatsApp inajaa picha za apu, huyu amefunga wiki na kilomita 60, mwingine 70, na ukichungulia hiyo 70 poa unapata kama ishirini hivi hazikukimbiwa, ni baiskeli imegeuzwa. Kuna ile hesabu watu hupeana ati kilomita tatu ama nne za baiskeli ni kama moja ya kukimbia, sasa mtu anaendesha Jumamosi, anagawanya, anajumlisha, kazi kwisha. Mimi hizo naziita kilomita hewa, ni kama wafanyakazi hewa, mshahara unatoka na kazini hakuna mtu.

Sisemi baiskeli ni mbaya, wala kuogelea, wala jimu. Fanya, na uandike. Shida yangu ni vile inaandikwa kwa daftari la mazoezi.

Chukua mtu ametoka Westlands na baiskeli kuelekea Limuru. Nairobi iko kwa mita kama 1,700 hivi na Limuru imepita 2,000, kwa hivyo kuenda ni kupanda tu, moyo unagonga mpaka unausikia kwa masikio, halafu kurudi anakaa hapo juu ya kiti upepo unampiga, miguu imelala. Kilomita za kuenda na za kurudi ni zilezile. Sasa utagawanya kwa tatu ama kwa nne, na utagawanya zipi?

Na hata ukipata hesabu nzuri bado kuna mwili. Moyo na mapafu hayajali sana kama unakanyaga pedali ama unakimbia, ndio maana baiskeli husaidia mkimbiaji. Lakini ugoko na kano za kisigino zinajali sana, juu kila hatua ya mbio inatua na uzito unaopita mara mbili ya uzito wako, na kwa baiskeli hiyo kitu haiko. Tena mifupa na kano hukomaa polepole kuliko pumzi. Kwa hivyo jamaa wa 70 miguu yake inajua 50 peke yake, wiki ijayo baiskeli imeharibika, anasema wacha nikimbie zote na niongeze kidogo tu, 75, kwa daftari inaonekana ameongeza tano lakini miguu imeruka ishirini na tano nzima kwa wiki moja. Halafu utamsikia ati viatu ndio vibaya.

Mimi naona safu ya kilomita iwe ya mbio peke yake, na hayo mengine yote yaandikwe kwa dakika na ugumu. Kuna njia ilienezwa na Carl Foster, mtafiti wa Marekani, ni rahisi mpaka inakaa mchezo: baada ya zoezi unajipa alama ya ugumu mpaka kumi, unazidisha na dakika. Kuogelea pole dakika 40 kwa ugumu wa 4 ni 160, mbio za spidi dakika 50 kwa 8 ni 400. Hizo namba ndio unaweza kujumlisha wiki nzima ukaona umechoka kiasi gani, bila kudanganya miguu. Usitegemee mapigo ya moyo kulinganisha, kwa maji na kwa baiskeli mara nyingi hushuka kuliko ya mbio hata kama unaumia vilevile. Na si lazima ununue saa ya bei, Eliud Kipchoge, yule aliyekimbia umbali wa marathoni kwa 1:59:40 pale Vienna 2019, anajulikana kwa kuandika mazoezi yake kwa daftari la karatasi na kalamu.

Jimu nayo usiandike tu "jimu". Andika kama ilikuwa miguu ama mikono, juu ukichuchumaa na vyuma Alhamisi maumivu yenyewe hupanda siku ya pili, na Jumamosi ukienda kukimbia msitu wa Karura miguu imekuwa mawe utafikiria fitnesi imepotea, kumbe jibu liko hapo juu mistari miwili.

Halafu kuna yale ya Nairobi hakuna apu inayajua. Maji yamepotea, umebeba mitungi ya lita ishirini mpaka ghorofa ya tano. Mvua imenyesha, matatu zimepandisha nauli, umetembea kutoka Industrial Area mpaka nyumbani. Hiyo andika, dakika na ugumu, kesho miguu itauliza. Na ile mpira ya Jumapili ya mtaa watu husema "nilikuwa nacheza tu", wapi, hapo kuna kukimbia ghafla, kusimama, kugeuka, na umezeeka, ukiipa alama ya 3 unajidanganya.

Yoga na kujinyoosha mimi siandiki, kuna watu najua hawatapenda. Kamba ya kuruka ndio inanisumbua kichwa, haina kilomita lakini inatua kwa miguu vilevile, visigino vinaisikia kabisa. Kwa sasa huwa naipatia dakika na ugumu kama hayo mengine, na nyota nyekundu pembeni, na siku inayofuata sipeleki spidi.