Usiruhusu ukuta wa choo uzibwe kabla haujajaribiwa

Jumamosi iliyopita nilipiga magoti kwenye bafu la mama mdogo, Tabata, nikapitisha vidole viwili chini ya choo chake kipya, kile cha kuning'inia ukutani. Vikatoka vimelowa. Juu ya boliti ya kushoto kulikuwa na ufa mwembamba kama unywele, umepasua marumaru moja na kuingia kwenye ya pili. Choo kina miezi minne tu. Kwa mwezi mzima mama mdogo alikuwa akituambia, "Mwanangu, nikikaa kinanesa," na sisi wote tukamjibu atazoea. Ana miaka 71, magoti yanamsumbua, na tulifanya ukarabati ule kwa ajili yake.

Tulibomoa. Nilichokiona nyuma ya marumaru kimeniuma kiasi kwamba siku ya tatu hii nakiwaza.

Fremu ya chuma inayobeba choo kizima ina miguu miwili, na kila mguu una matundu ya kuufunga kwenye zege la sakafu. Matundu yalikuwa matupu. Miguu imesimama juu ya mabaki ya plasta, haijashikwa na kitu. Kwa juu, fremu ilikuwa imeshikizwa kwa skrubu mbili na fisha za plastiki kwenye ukuta wa tofali za inchi 5 za kusimamisha. Nilivuta moja kwa vidole, ikatoka na unga wa saruji. Mama yangu mdogo alikuwa anakalia hicho.

Watu wengi tunafikiri choo cha namna hii kinashikwa na ukuta. Hapana. Sinki la choo, pale unapokalia, linatokeza mbele zaidi ya nusu mita na chini yake hakuna kitu. Ukikaa, uzito wako hauendi moja kwa moja sakafuni. Unazivuta boliti mbili zilizoachana sentimita 18 hivi, boliti zinaivuta fremu, na fremu inapaswa kuupeleka mzigo kwenye zege kupitia ile miguu. Boksi limeandikwa kilo 400, na ni kweli inabeba, ikiwa imefungwa chini na juu kama karatasi ya maelekezo inavyosema. Bila boliti za miguuni, kilo 400 ni maandishi tu. Na fremu ikishaanza kunesa, bomba la kuleta maji kwenye sinki linachomoka taratibu kwenye mpira wake. Huoni kitu. Kila ukiflashi, kikombe cha maji kinaingia ukutani. Upande wa pili wa ukuta ule ni jikoni. Rangi ilikuwa imevimba nyuma ya kabati la vyombo, tukasema ni mvua za masika.

Hasira yangu haiko kwa fundi peke yake. Iko kwenye namna tunavyolipa. Fundi bomba anapewa hela ya mwisho siku marumaru zinapong'aa, fundi marumaru yuko mlangoni na ndoo ya gundi anasubiri, mwenye nyumba anapiga simu kuuliza mbona hamjamaliza. Hakuna hata mmoja kati yetu anayemlipa mtu siku moja ya kujaribu. Tunalipia kinachoonekana, halafu kazi yote ya choo hiki iko mahali pasipoonekana. Choo cha kawaida kikivuja utakiona kwenye sakafu asubuhi. Hiki kinakuficha mpaka ukuta unaoza.

Kwa hiyo ninaomba kitu kimoja, na ninaomba kwa dhati: ukuta ubaki wazi siku mbili. Unganisha maji, jaza tangi la kuflashia lililo ndani ya ukuta, flashi mara ishirini. Tandaza gazeti kavu chini ya kila kiungio, lala, amka uliangalie. Shika fremu kwa mikono miwili uitikise kwa nguvu zako zote. Ikicheza hata kidogo, hakuna kuziba. Mwaga ndoo nzima kwenye bomba la maji machafu uone yanavyoondoka. Kisha weka futi ya kupimia kando ya mabomba na upige picha, maana mwaka kesho utataka kutoboa ukuta huo kwa ajili ya kitu kingine na hutakumbuka bomba liko wapi. Mlipe fundi siku hizo mbili. Mlipe kikamilifu. Ni chini sana ya tulichotumia wiki hii kununua marumaru upya, na zile za mwanzo hazipatikani tena Kariakoo, kwa hiyo ukuta mmoja utakuwa na rangi tofauti kidogo na mingine.

Mengine nayasema kwa kifupi. Fremu nyingi zina alama ya mita 1, na mita hiyo inapimwa kutoka sakafu iliyokwisha, pamoja na gundi na marumaru. Ukipima kutoka kwenye zege tupu, choo kitakuwa kifupi. Mabomba mawili yanayoshikana na sinki, la kuleta maji na la kutoa uchafu, yakatwe kwa kipimo baada ya marumaru: yakizidi, sinki halilali ukutani, yakipungua, yanavuja. Weka ule mpira mwembamba kati ya sinki na marumaru, na nati zikazwe kwa zamu bila kulazimisha. Silikoni ipite juu na pembeni, chini pabaki wazi, ili kukiwa na tatizo maji yakuonyeshe. Na kama unatumia maji ya kisima, kama mitaa mingi ya Dar, weka chujio kabla ya tangi, kwa sababu koki ya ndani ndiyo itakayoanza kukwama. Tundu la kibao cha kubonyezea ndilo mlango pekee wa kufikia koki hiyo. Nimeona mahali wamelipunguza kwa marumaru ili lipendeze.

Kuna jirani ameniambia tuachane na vyoo hivi, turudi kwenye vile vya kukaa sakafuni. Namwelewa, na wiki hii nilikaribia kukubaliana naye. Lakini kwa mtu mwenye magoti mabovu, choo unachoweza kukipandisha mpaka kimo anachokitaka ni msaada mkubwa. Mama mdogo tulimpima akiwa amekaa kwenye kiti chake cha jikoni: sentimita 46. Na dekio linapita chini bila yeye kuinama. Hayo siwezi kuyakana.

Sasa miguu ya fremu imefungwa kwenye zege, boliti nne za chuma, na juu tumejengea zege la nondo badala ya kutegemea zile tofali. Fundi marumaru amepiga simu mara mbili tangu jana kuuliza kama anaweza kuja kuziba. Nimemwambia Alhamisi. Asubuhi hii mama mdogo mwenyewe aliinama polepole, akishika ukuta, akachomoa gazeti chini ya kiungio, akaligeuza huku na huku, akanipa. Lilikuwa kavu. Akasema turudishe lingine, tulale nalo usiku mmoja zaidi.