Geji 16 na marisawa yasiyo na sumu: tatizo ni sheria, chuma au bunduki yenyewe?

Kiswahili kina ugumu mdogo katika mada hii, kwa kuwa neno risasi ni jina la kile kinachotoka kwenye mtutu na papo hapo ni jina la madini yenyewe, yale mazito ya kijivu ambayo kwa karne nyingi yalitumika kutengeneza kila kilichotoka humo. Lugha haikuona haja ya kuvitenganisha. Sheria ya Marekani iliiona: tangu msimu wa 1991, mwindaji wa bata katika nchi hiyo nzima anaruhusiwa kupiga risasi, ila si kwa risasi. Ni lazima atumie marisawa, yaani punje ndogo zinazojazwa kwenye katriji, ya chuma, ya bismuti, ya tungsteni au ya mchanganyiko mwingine ulioidhinishwa na idara ya shirikisho inayosimamia samaki na wanyamapori. Mwenye bunduki ya geji 12 (geji ni kipimo cha upana wa mtutu) alilalamika, akazoea, akaendelea. Mwenye geji 16 bado analalamika, na katika malalamiko yake kuna ya kweli na kuna yasiyo ya kweli.

Sababu ya katazo haina ubishi mkubwa. Bata humeza changarawe ili firigisi isage chakula, na punje ya risasi iliyozama kwenye matope ya ziwa haina tofauti na changarawe machoni pake. Ikishasagwa humo, sumu huingia kwenye damu. Mwaka 1959 Frank Bellrose, mtafiti wa jimbo la Illinois, alikadiria kwamba asilimia 2 hadi 3 ya ndege hao wa Amerika Kaskazini walikufa kila mwaka kwa namna hiyo, na makadirio yaliyotumika wakati wa mjadala wa sheria yalikuwa kati ya ndege milioni 1.6 na milioni 2.4 kwa mwaka. Tai mwenye kichwa cheupe, nembo ya taifa hilo, alikuwa akila mizoga ya bata wenye sumu na kufa naye, jambo ambalo lilisukuma kesi mahakamani kuliko takwimu zozote za bata. Miaka michache baada ya katazo, utafiti katika njia ya ndege wanaohama kando ya mto Mississippi ulikadiria kwamba vifo vya sumu hiyo miongoni mwa bata wa kawaida wa mwituni vilipungua kwa asilimia 64. Anayetaka kuipinga sheria hii kwa hoja kwamba haikuokoa kitu anapoteza muda wake.

Hoja ya mwenye geji 16 ni nyingine kabisa. Ili kuielewa, turudi kwenye vipimo vya zamani. Geji ni idadi ya tufe za risasi zenye upana wa mtutu ambazo kwa pamoja hufikia uzito wa ratili moja, ndiyo maana namba inavyokuwa kubwa mtutu huwa mwembamba. Ratili ni wakia 16. Kwa hiyo tufe moja la geji 16 lina uzito wa wakia moja kamili, takriban gramu 28, na wakia moja ya marisawa ndiyo shehena ambayo wapenzi wa bunduki hii huiona kuwa saizi yake ya asili. Mtutu wake una upana wa milimita 16.8 hivi, kati ya 18.5 za geji 12 na 15.6 za geji 20. Katikati hapo palikuwa pazuri, hadi mashindano ya kulenga sahani za udongo yalipopangwa kwa geji 12, 20, 28 na kipenyo cha .410, na 16 ikaachwa nje. Kisha, katika miaka ya 1950, geji 20 ikapata katriji ndefu ya inchi 3 iliyoweza kubeba shehena ileile ya 16 katika bunduki nyepesi zaidi. Naeleza haya kwa sababu wengi husema kwamba sheria ya 1991 ndiyo iliyoiua geji 16. Ilimkuta mgonjwa kitandani.

Hata hivyo, ilimzidishia. Risasi inayotumika kwenye marisawa ina uzito wa takriban gramu 11 kwa kila sentimita moja ya ujazo. Chuma kina chini kidogo ya 8. Shehena ya wakia moja ya chuma inahitaji nafasi kubwa zaidi kwa karibu asilimia 40 ndani ya ganda, na ganda la geji 16 linaishia kwenye urefu wa inchi 2 na robo tatu. Geji 12 ilirefushwa hadi inchi 3, kisha 3 na nusu, na geji 20 hadi 3, lakini viwanda havikuona faida ya kuirefusha 16. Tena, punje ya chuma ni nyepesi, hivyo mwindaji hushauriwa kuchukua punje kubwa kwa namba mbili ili ipenye sawasawa (namba ikipungua, punje huwa kubwa): aliyezoea namba 6 ya risasi anahamia namba 4 ya chuma. Hapo hesabu inaanza kuuma. Wakia moja na thumni ya risasi namba 6, shehena nzito ya kawaida ya geji 16, ilikuwa na punje kama 253. Katriji ya chuma iliyozoeleka ya geji hiyo ina wakia 15/16, na kwa namba 4 hiyo ni punje kama 180.

Upande wa pili, wa watetezi wa sheria, una majibu, na si mepesi. Punje za chuma hazibondeki zinapotoka, kwa hiyo hubaki duara, huruka pamoja na kufika shabahani zikiwa zimekaribiana, wakati sehemu ya punje za risasi hubonyea na kupotea pembeni. Wingi ulioandikwa kwenye boksi si wingi unaomfikia bata. Pia kuna jaribio la Texas, ambamo hua walipigwa kwa katriji za risasi na za chuma huku wawindaji wakiwa hawajui wametumia ipi, na matokeo ya ndege waliouawa, waliojeruhiwa na waliokoswa hayakutofautiana kwa kiasi cha maana. Denmark ilipiga marufuku marisawa ya risasi mwaka 1996, na uwindaji huko unaendelea hadi leo.

Lakini jaribio la Texas lilitumia geji 12, na hua ni ndege mdogo anayepigwa karibu. Kulichukua tokeo hilo na kulivisha geji 16 dhidi ya bata dume mnene wa Desemba, mwenye manyoya mazito na anayepita kwenye umbali wa mita 40, ni kuvuka mpaka ambao takwimu haziruhusu. Hapa mtetezi wa sheria hufanya kosa lilelile la mpinzani wake, la kuzungumza kana kwamba bunduki zote ni moja. Maoni yangu ni kwamba chuma katika geji 16 kinafanya kazi vizuri ndani ya mita 30, kwa bata waliotulia juu ya vinyago vya kuwavutia, na kwamba anayepiga zaidi ya hapo anawajeruhi zaidi ya anaowapata. Kwa mwindaji mwenye subira hilo si pungufu kubwa. Kwa asiye na subira, hata risasi haikumsaidia sana.

Ugumu halisi uko kwenye umri wa bunduki, na hili halipewi nafasi inayostahili. Kwa kuwa geji 16 ilipendwa zaidi kabla ya vita vikuu vya pili, sehemu kubwa ya zilizopo ni za zamani: za mitutu miwili kutoka Ubelgiji, Ufaransa na Ujerumani, au Browning Sweet Sixteen, iliyoanza kuuzwa mwaka 1937. Nyingi kati ya za Ulaya, na hata baadhi ya za Marekani, zina chemba, yaani sehemu ya mtutu inayoshika katriji, ya milimita 65 badala ya 70 ya leo, na katriji ndefu ndani ya chemba fupi hupandisha shinikizo. Kuta za mitutu ni nyembamba, na midomo yake ilibanwa sana kwa sababu mafundi wa wakati huo walibuni mbano huo, unaokusanya punje zisitawanyike, kwa ajili ya risasi laini inayokubali kuminywa. Chuma hakikubali. Kikipita kwenye mbano mkali mara kwa mara kinaweza kuutunisha mdomo wa mtutu au kuachanisha mitutu miwili iliyounganishwa kwa solda. Katriji za chuma zina kikombe kinene cha plastiki kinachozuia punje kukwaruza ndani, lakini kikombe hakiondoi tatizo la mbano. Kumwambia mrithi wa bunduki kama hiyo anunue tu chuma ni kumwambia aiharibu polepole.

Kwa bunduki hizo jibu ni bismuti, na bila kusita sana. Ikichanganywa na bati kidogo, uzito wake kwa ujazo unakaribia gramu 9.7, wakia moja yake inaingia kwenye ganda la geji 16 bila kubanana, na ni laini kiasi cha kupita kwenye mbano wa zamani bila madhara. Punje za mwanzo zilikuwa na sifa mbaya ya kupasuka zikigonga mfupa. Za sasa zimeboreshwa. Kinachobaki ni bei, ambayo ni mara kadhaa ya ile ya chuma, na mahali zinakotoka. Bismuti kwa sehemu kubwa ni mazao ya pembeni ya kusafisha risasi, kejeli ambayo sina budi kuitaja, na China ndiyo mzalishaji mkuu. Februari 2025 China iliweka masharti ya usafirishaji wa bismuti na tungsteni nje ya nchi, na mwindaji wa Wisconsin akajikuta ndani ya ugomvi wa kibiashara ambao haumhusu.

Tungsteni nzito, yenye gramu 18 kwa sentimita ya ujazo, nitaipita haraka. Punje yake ya milimita 2 hupenya kama punje ya risasi ya zaidi ya milimita 3, hivyo ujazo wa ganda si hoja tena. Lakini ni ngumu kuliko chuma, na gharama ya kila mlio ni dola kadhaa. Kwa bata mzinga mwitu, anayepigwa mara moja au mbili kwa msimu, inaeleweka. Kwa asubuhi nzima ya bata ni anasa.

Wapo wanaosema suluhisho ni kuiacha geji 16 ibaki na ndege wa nchi kavu, ambako majimbo mengi bado yanaruhusu risasi. Sehemu hiyo nayo inapungua. California ilikataza risasi katika uwindaji wote kuanzia Julai 2019, kwa ajili ya kondori, ndege mkubwa mla mizoga, na katika maeneo ya shirikisho ya kuzalishia bata kwenye nyanda za Dakota na Minnesota hata mwindaji wa fezanti, ndege wa nchi kavu, hatakiwi kuwa na marisawa ya risasi. Umoja wa Ulaya ulifunga ardhioevu zake zote Februari 2023. Tanzania, Kenya na Uganda nazo ni wanachama wa mkataba wa ndege wa majini wanaohama kati ya Afrika, Ulaya na Asia, unaotaka marisawa ya risasi yaondolewe kwenye ardhioevu. Baadhi ya bata wanaotua Naivasha wakati wa baridi ya kaskazini wamepita juu ya maziwa ambako risasi ilipigwa kwa vizazi.

Kwa hiyo mwenye geji 16 apime chemba yake kwa fundi kabla ya kusoma maandishi ya boksi lolote. Ikiwa ni ya milimita 70, ya zama hizi, na mtengenezaji ameandika kwamba inakubali chuma, anunue chuma, afungue mbano na akae karibu na maji. Ikiwa ni ya babu, atafute bismuti ya urefu unaolingana na chemba hiyo. Kisha atundike karatasi pana kwenye umbali anaokusudia kupiga, achore duara la sentimita 76, apige mara tano na kuhesabu matundu. Kwa bismuti zoezi hilo ni ghali, na wengi huliruka kwa sababu hiyo.